Kichwa cha Riziki hakiishi kusukwa

Jumamosi, 14 Juni 1986
Salongo asubuhi, kazi ya lazima ya serikali. Tumehamisha vumbi kutoka upande mumoja wa njia mupaka mwingine. Taifa limeendelea.
Riziki amekuja dispansere ninapofanya kazi. Miaka kumi na tisa, analelewa kwa Hawa jirani yangu, mudogo wa marehemu mama yake. Mashavu yamevimba, mwili umekwisha. Nyuma ya pazia amenieleza: anamaliza chungu kizima peke yake, kisha anakwenda nyuma ya nyumba kukitapika. Miezi minane sasa — tangu mazishi.
Na muji muzima unamusifu! Amefunga Ramadhani, anamalizia sita, na miezi yote hii kila Jumatatu na Alhamisi. Mwalimu Bulaimu amemutaja mbele ya wasichana wa chuo cha Kurani.
Nimeapa sitasema.

Jumatatu, 16 Juni
Nimemuuliza dokta Onema bila kutaja jina. Akacheka: huo ni ugonjwa wa Ulaya, hapa Kindu muntu anapata wapi chakula cha kutupa? Nikamuletea Riziki. Alipomusikiliza moyo, kicheko kikakwisha. Moyo unarukaruka. Akiendelea hivi, unaweza kusimama.
Dawa hana. Amenipa gazeti la zamani la madaktari. Mimi ni mufuta sakafu na mupima joto — nimelisoma mara tatu na kamusi. Linasema: kula kwa saa zilezile, na kuandika kwa kaye, daftari lake mwenyewe, kilicho moyoni kabla ya kutapika.
Riziki amekataa kaye. Mama mudogo anasoma kila karatasi, hata ya kufungia samaki.

Jumatano, 18 Juni
Nimepata dawa yangu, gazeti halina.
Saa sita, wali na majani ya sombe, sahani moja, mukono wangu na wake. Kisha, palepale, namusuka saa nzima. Mwanamuke aliyesukwa nusu kichwa hatoki inje, hata nyumba ikiungua. Magaribi namufumua. Kesho tena.
Nikisuka namuuliza: kabla ya chungu, kulikuwa nini moyoni? Sikumuhimiza — kwangu njo kazi nzito. Mwisho akasema: «Nyumba ikitulia, namusikia mama akikohoa.»
Nilikosea mustari. Nikafumua, nikaanza tena.

Jumapili, 22 Juni
Siku tano, hata Alhamisi hakufunga, amekula. Ametapika mara moja tu, na amekuja mwenyewe kuniambia.
Zawadi wa ng'ambo ya njia amechungulia: «Riziki, kichwa chako ni barabara ya Punia? Kila siku kinatengenezwa, hakiishi!» Riziki amecheka. Nilikuwa sijayaona meno yake. Yameharibika.

Alhamisi, 26 Juni
Jumatatu hakuja. Leo pia. Anafunga.
Hawa kanikuta kwenye pompi ya maji, mbele ya watu: nisimuharibie mutoto wa dini na wali wangu wa saa sita.
Nikaenda kwa Mwalimu Bulaimu. Alinipokea vizuri. Mugonjwa hafungi, akasema, Mungu mwenyewe amemuruhusu. Lakini mugonjwa wa nini? Anapika, anafua, anasoma Kurani kuliko wote. Kiapo kikanifunga mudomo. Nikaaga. Mujinga mukubwa mimi.

Ijumaa, 27 Juni
Hawa mwenyewe amemuleta Riziki. Anataka misuko midogo midogo, ya mwezi muzima. «Maliza leo, Mama Masudi. Asirudirudi tena hapa.»
Nikatenga chakula. Leo hafungi. Tukala, na Hawa naye akatia mukono — mikono mitatu sahani moja. Kisha nikaanza kusuka, polepole kama karani wa posta. Hawa kwenye kiti, anachunga vidole vyangu.
Upande wa kushoto ulipokwisha, Riziki akasema, akiangalia chini:
«Mama mudogo, funga yangu si ya Mungu. Nafunga ili kusiwe na kitu cha kutapika.»
Akasema yote. Chungu, nyuma ya nyumba, kikohozi.
Hawa alinawa mikono mara mbili. Akavaa kanga, akasema anakwenda kwa Mwalimu. Kumuombea ruhusa ao kumushitaki, sijui. Alipofika mulangoni aligeuka: mama yake angekuwa hai, angejua? Hakungoja jibu.
Riziki anasema kichwa kinamuuma, nipumzike kidogo. Njo maana naandika hapa, kaye juu ya magoti. Saa moja na nusu imepita tangu tule. Upande wa kuume bado, nywele zimesimama. Anaangalia mulango wa nyuma. Hajainuka. Ameshika muguu wa kiti changu kwa mikono miwili —