Mkazi wa Sanduku la Mchanga

Natangaza kwa heshima zote: stoo yetu ya vifaa vya injini za mvuke, hapa stesheni ya Kigoma, imepata mkazi mpya.

Bosi anataka kila kitu kikae mahali pake kabla ya wageni wa kesho: koleo za makaa kando ya shimo la majivu, na mchanga mpya, ule wa kumwaga relini magurudumu yasiteleze, sandukuni. Humo sandukuni kuku wa Mama Asha, muuza chai wetu, anaatamia.

“Ukimgusa, chai kanywee Ujiji!” kanionya.

Nikamwambia bosi mchanga wa zamani ndio mkavu, usiguswe. Akanisifu kwa utaalamu! Kesho akichungulia mwenyewe, nimekwisha.

Lakini kusema kweli, si Mama Asha aliyenitisha. Nilijaribu kumhamisha yule kuku, akanidonoa, nikatimua mbio na koleo mkononi.