Niliandika Anaendelea Vizuri

Shoga, leo nimejiaibisha wodini kwenye mafunzo ya uuguzi.

Yule mgonjwa wangu wa baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, aliyekuwa haongei wala hainuki, leo anaimba huku akitandika vitanda vya wenzake. Nikafurahi, nikaandika kwenye faili: anaendelea vizuri.

Mwanafunzi mwenzangu akaandika chini yangu: hajalala siku tatu na hachoki, daktari aitwe. Sista mkuu akamsifu mbele ya wote. Mbele ya wote, shoga.

Wivu ukanishika. Nikamwambia, "Wewe nawe, kila kitu umekariri kitabuni."

Akajibu taratibu, "Sijakariri. Mama yangu akianza kuimba hivyo, mimi huficha funguo za mlango."

Nimejifungia chooni. Kinachoniuma zaidi, bado natamani maneno yale ningeyaandika mimi.