Mshale Juu ya Kifuniko

Chumba Na. 4, Ghorofa ya Pili,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani, na hilo goti limekubali ngazi au bado limegoma? Mimi ni mzima, nakula na kusaza, na leo nina furaha hata kalamu haishikiki. Ila furaha yenyewe imepitia kwenye aibu, na aibu imetoka kwenye huu mdomo wangu unaoujua.

Kazi yangu unaikumbuka: napika misuli ya bandia. Ni jelatini ndani ya kopo la duara, na nyuzi nyembamba nimezilaza upande mmoja, kama zilivyo kwenye nyama yetu. Kisha fundi wa altrasaundi, mzee mpole tunayemwita Bwana Taratibu, hupima ugumu wake kwa mashine mpya inayotuma mtikisiko ndani ya kopo. Mtikisiko hukimbia ukifuata nyuzi, na hujikokota ukizikata. Mashine ikiweza kuuona huo upande, itapelekwa hospitali ikawapime wagonjwa.

Basi wiki tatu majibu yakaja kinyume, kopo baada ya kopo. Shangazi, niliwaka! Nikasema mbele ya watu kwamba mzee hajui kazi, hata mkuu wetu akaanza kutafuta mtu wa kushika nafasi yake. Yeye alijibu tu, "Mwanangu, mimi nasoma kilichomo."

Alhamisi nikiwa naosha makopo ndipo nilipoona. Mshale wa kuonyesha nyuzi zimelala wapi huwa nauchora juu ya kifuniko kikiwa bado kimelegea. Halafu nakikaza, nacho kinazunguka robo nzima, na mshale wangu nao, ukabaki umezikata nyuzi badala ya kuzifuata! Nikakaa juu ya ndoo. Hasira hasara, uliniambia mara ngapi?

Nikawaendea watu walewale, nikasema kosa ni langu, sikuficha neno. Mkuu akapiga meza. "Kumbe mashine inatuambia ukweli wiki tatu, wabishi ni sisi!" Na kweli, hakuna jaribio lingeithibitisha vizuri kuliko hilo. Bwana Taratibu alicheka mpaka akavua miwani.

Mwezi ujao mashine inakwenda hospitali, na mzee ndiye atakayeishika. Mkuu akamwuliza anataka kufuatana na nani. Nikaangalia sakafu, maana nilijua simo.

Mzee akanionyesha kwa kidole, akasema, "Huyu. Akikosea, anasema."

Nililia, Shangazi, mbele ya watu walewale.

Nisalimie Babu na wale mapacha wako. Mungu akupe afya na usingizi mwema.

Wako akupendaye kwa moyo wote,
Mtoto wa kaka yako.