Vidole vya Ellen

Mwalimu Rehema,

Ulipozikwa nilitazama kwenye simu nikiwa hapa mtaani kwangu Auburn, maana waliruhusiwa watu wachache tu kaburini. Nililia, lakini si kwa uchungu peke yake. Kuna jambo nilikuficha.

Godauni nilimoajiriwa liliposimamisha kazi kwa sababu ya korona, uliniambia, "Furaha, usikae bure." Ukanifundisha kazi uliyokuwa ukiifanya kwa kujitolea tangu ustaafu: kutambua wafungwa wa enzi za Malkia Viktoria walikuwa akina nani. Ulinipigia kila jioni, tukalinganisha picha za magereza na kumbukumbu za mahakama. Hukuchoka kunikumbusha, "Jina si mtu. Angalia makovu, angalia mikono."

Kwa mfungwa mmoja, Ellen, sikuangalia. Jina lake lilikuwa sawa na la mwanamke aliyemuua mtoto wake mchanga, nami nilitaka sana uone kwamba nimeiva. Uliponiuliza kama nimehakiki alama za mwili, nilijibu, "Ndiyo, Mwalimu, zote." Ukaniamini. Ukatia sahihi yako kwenye taarifa iliyomtaja Ellen kuwa muuaji, tukampelekea kitukuu wake, Bibi Joan wa Parramatta.

Wiki tatu baada ya mazishi yako nilifungua tena daftari la gereza. Yule muuaji alikuwa amekatika vidole viwili vya mkono wa kushoto. Ellen wetu, pichani, ameweka mikono kifuani, vidole vyote kumi. Yeye aliiba blanketi. Basi.

Niliona haya nikiwa peke yangu chumbani, hakuna wa kuniona. Lokdauni ilipoisha nilipanda treni. Nilimweleza Bibi Joan mlangoni kwake, barakoa usoni, kwamba kosa ni langu na kwamba nilikudanganya. Hakunifokea. Alisema dada yake, baada ya kuisoma taarifa yetu, aliichoma picha pekee ya Ellen waliyokuwa nayo, kisha akafa akiona aibu kuzaliwa katika ukoo ule.

"Na dada yangu utamwambiaje?" akaniuliza.

 Nilitamani ungekuwepo, Mwalimu. Halafu nikashukuru kwamba hukuwepo kuniona.

Nimeandika upya ile taarifa. Sahihi yako nimeiondoa kwenye kosa, nimeweka yangu. Bibi Joan aliomba ile picha ya gerezani, nimempelekea. Kazi sijaiacha, ingawa nilitaka. Nakuahidi: sitamwita tena mtu muuaji kwa ajili ya kusifiwa.

Lala salama, Mwalimu. Ukiweza, nisamehe.

Mwanafunzi wako,
Furaha