W Si M Iliyopinduka

Nyanya,

Hili sijamwambia mtu mwingine: sikujiandikisha kusomea uuguzi. Chuo ni kile kile cha Houston, lakini nimechagua historia. Mama ameshatangazia kanisa zima hapa Arlington kwamba nyumba yetu itakuwa na manesi wawili, nami nilikuwa nimekaa hapo hapo nikitabasamu. Unajua sauti inavyonipotea mbele ya watu.

Wewe pia umechangia. Unakumbuka ule muhuri? Nilikuonyesha picha yake mezani jikoni, ukiwa unafuma kitambaa cha kochi: bibi wa kikabaila wa Ulaya ya kale, sura yake imegandamizwa kwenye nta, mwewe mkononi. Ukauliza, "Na huyu ni mama nani?" Nikakueleza kuwa ni binti wa bwana fulani, mke wa bwana fulani, na ngao zao, alama za koo zao, ziko kando yake. Ukanikatiza: "Hao ni wanaume. Nakuuliza yeye." Jina lake lilizunguka ukingoni mwa muhuri, lakini lilikuwa limemeguka. Ukasikitika kama unamjua. Halafu ukasema, "Na mtu anayefuga mwewe, kuku wake wanalala wapi?" Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

Ile herufi nyekundu uliyodarizi pembeni mwa kila kitambaa, miaka yote niliiona ni M. M ya Mama Joyce, kwa kuwa hapa kila mtu alikuita kwa jina la Mama. Nilidhani unaweka vitambaa kichwa chini, nikawa navigeuza. Ulivirudisha kila mara.

Kwenye ibada ya kukuaga, mchungaji akasoma jina la marehemu, "Wakesho." Nikamnong'oneza Mama kwamba amekosea mtu. Mama akanifinya mkono, akacheka huku analia. Niliporudi nyumbani niligeuza vitambaa vyote nilivyokuwa nimevipindua tangu ulipoondoka, vikakaa ulivyokuwa unaviweka wewe.

W.

Nimesoma zaidi tangu hapo. Baadhi ya wale mabibi, wakifiwa na waume, walichongesha muhuri mpya. Wengine waliiondoa ngao ya mume, wengine waliibakiza. Hicho ndicho ninachotaka kusomea, Nyanya: wao wenyewe walijiitaje.

Hapa tuko salama. Mama amepata zamu za mchana hospitalini, kwa hiyo tunakula pamoja. Sukuma wiki uliyopanda kwenye ndoo pale nje imekataa kufa, na jirani ameanza kutuomba. Kitambaa ulichoacha nusu nakimaliza mimi. Mistari yangu inapinda, lakini W yako haitaguswa.

Jumapili tukitoka kanisani, nitamwambia Mama ndani ya gari, akiwa anaangalia barabara. Nakuahidi.

Pumzika, Wakesho. Unisamehe kukuita hivyo, nilitaka tu kulisikia mdomoni mwangu.

Mpaka Jumapili, usimwambie mtu. Ukimtokea Mama ndotoni, mzungumze habari za sukuma wiki tu.

Mjukuu wako,
Lilian