Nikiitwa Jina Lako

Mdogo wangu Kitinda,

Nakusalimu kutoka kwenye mvuke wa pasi. Natumaini u mzima, na kile kifua chako kimetulia. Sisi tunapumua. Mama asubuhi anakula vizuri, jioni hugombana na kijiko. Udobi unakwenda, nimeongeza mashine ya tatu, kwa jasho langu mwenyewe, na hapo ninyamaze, maana nikiendelea nitauliza nani alibaki na nani aliondoka.

Chumba cha juu amepanga mtawa wa Kibudha, mama wa makamo aliyenyoa kichwa. Huniletea foronya za mito wanayokalia wanafunzi wake wakitafakari. Siku moja alinikuta nabamiza pasi, akaniuliza nampiga nani. Nikamjibu nanyoosha shati. Akasema shati lilishanyooka zamani. Nilipomwambia hasira ndiyo iliyonijengea duka hili, alicheka mpaka akakaa chini, akasema basi imechoka maskini, niipe likizo.

Akanifundisha. Hasira ikija nisiifukuze, wala nisiipe kiti. Niitazame kama mvuke unavyopanda, ukatia kioo ukungu, ukaenda zake. Kisha kwa kila nguo nimtakie mtu heri: kwanza mimi, halafu nimpendaye, halafu mtu baki, mwisho anayenikera. Watu wanne tu! Nikapiga hesabu, nikaona kabla ya chai nimemaliza. Mimi nikapita. Mama akapita. Muuza sabuni naye akapita. Nilipofika kwako, nikaunguza kola ya watu.

Ujue kinachonichoma. Ninayemwogesha mama ni mimi, ninayemgeuza kitandani ni mimi, na bado ananiita Kitinda. Kila mara nilimsahihisha: mimi ni yule mkubwa, Kitinda hayupo. Uso wake ulizimika kama taa.

Juzi asubuhi tulikaa uani. Shuka nyeupe zilijaa upepo pande zote, hata ukuta sikuuona. Ni kama tulikuwa ndani ya wingu. Akaita, Kitinda. Nikausikia mvuke ukipanda kifuani. Nikautazama. Ulikoishia sijui, ila niliusikia mdomo wangu ukisema, abee mama.

Akanishika mkono, akaninong'oneza nisiogope kurudi nyumbani. Dada yako, akasema, ana ulimi mkali lakini hana kinyongo cha kulala nacho. Mwache aseme, atapoa.

Kitinda, miaka yote hii nilidhani umetutupa. Kumbe ulikuwa unaniogopa.

Sijamaliza kukasirika, nisikudanganye. Lakini tangu siku ile akiita naitika, na namwambia sitaogopa tena kurudi. Nimeshaahidi kwa niaba yako, na mimi ahadi sivunji. Njoo kabla hajalisahau hata hilo jina.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama angekutumia salamu, ila kwa anavyojua yeye, uko hapa hapa unamchana nywele. Ukifika pita moja kwa moja uani. Akiita, itika wewe. Mimi nitakuwa napiga pasi.

Ni mimi dada yako,
uliyeniita Pasi ya Moto