Amri Yupi

Mwanakombo, uko hewani?

Unamkumbuka Amri, karani wa malori hapo jirani na duka langu, yule mwenye baiskeli ya gia? Leo kaenda nayo milima ya Ileje, peke yake kama kila Jumapili. Akiteremka kuelekea mto Songwe breki zikakataa, akarushwa bondeni, mguu ukavunjika.

Kalala pale saa tatu nzima hakuna aliyepita.

Mama mmoja wa Kindali, mwenyeji wa huko, aliyekuwa akipalilia maharage ndiye aliyemkuta. Akamuuliza, "Baba, tumpigie nani?" Mama anasema Amri alipekua simu yake muda mrefu, namba zote za madereva na wateja. Mwisho akamwonyesha yangu.

Yangu, shoga. Miaka minne tunasalimiana tu.

Mama akapiga, na mimi nikajibu nini? "Amri yupi?" Nikarudia tena, "Amri yupi?" Simu ilikuwa kwenye spika, Amri anasikia yote.

Akamwambia yule mama, "Kata tu. Tumekosea namba."

Nilipokumbuka ni nani, nikapiga tena, mama akanielekeza walipo, nikafunga duka, nikakodi gari mpaka huko.

Sasa tuko hospitali. Nesi kaniuliza, "Wewe ni nani yake?" Nikasema dada yake. "Jina la baba yenu?"

Mimi silijui.

Amri akajibu kutoka kitandani, akinitazama mimi, si nesi. "Uledi. Baba yetu anaitwa Uledi."